Alama Nane za Thuraya

Kila asubuhi kabla ya shule, Thuraya alichemsha maji, akampangusa bibi yake mgongo, kisha akamgeuza upande wa pili. Bi Masika alikuwa amepooza. Nyumba yao ya Kanyenye ilikuwa na vyumba vinne na watu wawili tu. Baba alifanya kazi Mwanza, na barua zake zilikuwa za kubahatisha.

Nyuma ya mlango ilining'inia kadi. Serikali ilitoa dawa, na chama cha kina mama kilimtoa mhudumu, Pelagia, wa kuja kila Jumanne na Ijumaa kusafisha vidonda vya bibi vya kulala mno. Akija, mwenye nyumba anatia alama. Mwisho wa mwezi, pande zote mbili zinakuja kuisoma kadi pamoja.

Mwezi huo Pelagia hakuonekana. Thuraya alikaa kizingitini akisikiliza nyayo za watu wakipita kwenda mtaa wa Ng'ambo. Hakuna aliyesimama.

"Hakuja tena, bibi. Niache wazi?"

"Tia alama. Mtu aliyekunywa kahawa yetu hatumchongei. Wakimfukuza, nani atatubishia hodi?"

Thuraya akatia, na siku zilizofuata akatia vilevile, hadi zikafika nane.

Mwisho wa mwezi walikuja Ndugu Kornel, bwana afya wa serikali, na Mwanajuma wa chama.

"Shikamooni," alisema Thuraya.

"Marahaba. Lo, nane kwa nane!" alisema Mwanajuma akiisoma kadi. "Basi hapa hapana shida. Pelagia tumwongezee nyumba za Itetemia. Hapa atapita mara moja kwa mwezi."

Thuraya alimtazama bibi. Bibi alimkazia macho anyamaze. Lakini kidonda kimoja kilikuwa kimeanza kunuka.

"Hakuja hata siku moja," alisema Thuraya. "Alama nimetia mimi."

"Nilimtuma mimi," bibi akadakia. "Mwacheni mtoto."

Kornel alifunua shuka, akaona kidonda, akaenda kunawa mikono ili akisafishe.

"Pelagia ana nyumba kumi na nane na miguu miwili," alisema Mwanajuma. "Kumbe kila nyumba inamsitiri, nasi tunazidi kumtwika!"

Ijumaa hiyo Pelagia alikuja na mwenzake mpya, aibu imemjaa usoni. Waligawana nyumba tisa tisa. Mwanajuma naye alikuja, akatundika kadi nyingine.

"Nisikilize, mwanangu. Kadi si ya kumchongea mtu. Ukiandika uwongo unatufumba macho, na anayeumia ni bibi yako. Siku asiyokuja mtu, acha wazi. Tukipaona wazi, ndipo tutajua kuwa mko peke yenu."

Thuraya akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwatengea wageni kahawa.