Vichupa vya Daktari Cecilia

Mlango wa jokofu ulikuwa wazi, mtambo ukivuma bure. Sanduku la vichupa halikuwapo.

Inspekta Loisi Ndahani alisimama katikati ya maabara ndogo ya hospitali ile, nje kidogo ya mji wa Dodoma, akaangaza kila upande kabla ya kugusa chochote. Hadubini ya bei kubwa ilikuwa mezani. Redio kaseti ilikuwa dirishani. Kitasa kilikuwa kizima.

"Mwizi gani anaacha redio?" aliuliza Koplo Msafiri huku akinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole.

"Anayejua alichokifuata. Nenda kaulize wodini kama kuna kingine kilichopotea."

Daktari Cecilia, mwenye maabara, alikuwa ameketi kwenye stuli. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Hivyo vichupa ni dawa?" Inspekta alimuuliza.

"Si dawa, afande. Ndiyo maana nimewaita mbio." Daktari alielekeza kidole kwenye jokofu. "Ndani ya uvimbe wa saratani huwa kuna seli nyeupe za damu. Baadhi zinapigana na saratani, nyingine zimekaa tu. Ukizitazama, zote sawa. Ila zile zinazopigana zina alama zake juu ya ngozi ya seli. Maji ya kwenye vichupa yanashika alama hizo na kung'aa kijani. Hapo ndipo ninapozitambua. Siku moja tutazitenga, tuzizalishe kwa wingi, tumrudishie mgonjwa zimtibu. Lakini siku hiyo haijafika."

"Na mtu akijichoma hayo maji?"

"Yametiwa sumu ili yasioze. Yakiingia kwenye mshipa, msukumo wa damu unaporomoka. Anaweza kufa."

Msafiri, aliyekuwa ametumwa wodini, alirudi akihema. "Afande, kwenye toroli ya wauguzi kumepotea mabomba ya sindano."

Inspekta alifunga mkoba wake. Huu haukuwa tena wizi wa kawaida. Mahali fulani mjini, mtu alikuwa anatafuta mshipa.

Augustino, mhudumu wa maabara, ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo mwingine. Inspekta alimweka kitini, yeye akabaki wima.

"Mlango uliufunga?"

"Niliufunga, afande."

"Kitasa hakijavunjwa. Basi umeiba wewe."

"Mimi? Hapana!"

"Ulimuuzia nani?"

"Haki ya Mungu, sijauza kitu!"

"Basi sema kweli. Kuna mtu anakwenda kufa, Augustino."

Mzee yule aliinamisha kichwa. "Umeme ulikatika. Nikakimbia kuwasha jenereta, vitu vya jokofu visiharibike. Sikufunga. Niliporudi, sanduku halipo. Niliogopa kazi yangu."

"Kibarazani kulikuwa na nani?"

"Ndugu wa wagonjwa, kama kawaida. Sikuwatazama."

Inspekta aliingia kwenye Landrova. Aliyeiba sindano alihitaji mtu wa kuchoma, na hapa hospitali asingethubutu kumwomba yeyote. Tangu serikali iruhusu zahanati za watu binafsi, mtaa wa Majengo ulijaa makoti meupe.

Katika zahanati mbili za kwanza hawakujua lolote. Katika ya tatu, mwenyewe aliitwa Hamidi. Aliposikia neno "vichupa", alijifanya anapanga vidonge.

"Alikuja hapa," Inspekta alisema.

"Nani, afande?"

"Msafiri, mfunge pingu."

"Ngoja, ngoja! Alikuja Hanifu, yule muuza mahindi wa nyuma ya soko. Alitaka nimchome mtu. Nikasoma lebo, imeandikwa ni ya maabara tu. Nikakataa!"

"Ukakataa, halafu?"

Hamidi alifuta jasho. "Akaniomba nimwonyeshe mshipa ulipo."

"Ukamwonyesha?"

"Alikuwa analia, afande."

Landrova ilipita kwenye vichochoro vya Majengo, honi ikilia, wachuuzi wakivuta ndoo zao pembeni. Ghala la Hanifu lilikuwa limefungwa kwa ndani. Msafiri alisukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka.

Ndani kulikuwa na giza la magunia na vumbi la mahindi. Mwanamke alikuwa ameketi chini, mguu wake mmoja umefungwa bandeji. Mkononi alishika bomba la sindano lililojaa. Kando yake, mwanamume alikuwa amelala chali juu ya gunia tupu.

"Weka chini hiyo sindano, mama," Inspekta alisema kwa upole, akisogea hatua moja.

"Usinikaribie! Ni ya kwangu hii."

"Unaitwa nani, mama?"

"Mwanamvua. Na huyu ni mume wangu. Amelala tu."

"Amejichoma?"

"Amesema hawezi kunipa kitu asichokijaribu mwenyewe. Akiamka salama, na mimi nijichome." Alimtikisa mumewe bega. "Mbona haamki?"

"Hajalala, Mwanamvua. Mtazame midomo."

Mwanamvua aligeuka. Midomo ya mumewe ilikuwa imebadilika rangi, na povu limemtoka pembeni. Sindano ilimponyoka mkononi.

"Hanifu! Baba Shamila!"

Msafiri alikuwa amekwisha kumbeba begani.

Asubuhi Hanifu alifumbua macho wodini, mkono mmoja kwenye dripu, mwingine kwenye pingu ya kitanda. Mkewe alikuwa pembeni, Daktari Cecilia miguuni. Inspekta alivuta kiti.

"Una haki ya kunyamaza."

"Ninyamaze nini? Nimechukua mimi. Mke wangu alidhani nimepewa." Alipumua kwa shida. "Walimkata uvimbe wa unyayoni, baadaye wakasema umeshapanda juu. Daktari akatuita tuchungulie kwenye kile chombo. Akasema, hawa ni askari wa mwili wake, ni wengi, lakini wamelemewa. Akadondosha tone la kichupa. Nikaona kwa macho yangu, wakawaka kijani. Nikasema, si wameamka hawa? Dawa ipo, kwa nini mke wangu anarudishwa nyumbani?"

Daktari Cecilia alifunika mdomo kwa mkono. "Hawakuamka, Hanifu. Ile ni rangi tu. Inashika alama yao ili niwaone. Haiwapi nguvu."

"Hukusema hivyo."

"Sikusema. Nilifurahi kuwaona wengi kiasi kile, nikaongea kama nimeshinda."

"Sasa hiyo dawa yenyewe iko wapi?"

Koplo Msafiri aliacha kuandika.

"Haijapatikana," Daktari alisema. "Tunaitafuta."

Hanifu aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mwanamvua aliushika mkono wenye pingu, akauweka mapajani mwake.

"Afande," alisema bila kuinua macho, "mkimpeleka mahabusu, mtaniruhusu nimletee chakula?"

"Utaleta."

"Nitaleta kwa muda gani, daktari?"

Daktari Cecilia alikaa kitandani karibu naye. Safari hii alimweleza yote, polepole, bila kuacha neno.