Ndara Chini ya Valvu

Mikono yao ilikutana kabla ya macho. Katikati ya soko la vipuri vikuukuu, redio zikigombana kwa makelele, wawili waliingiza vidole kwenye boksi moja wakashika valvu ileile, taa ya kioo ya redio za zamani.

"Achia, kaka. Nimeiona mimi."

"Unajua hata ni nini, bibie?"

"Pentodi, valvu ya kukuza sauti. Nataka njia ya pili kwenye amplifaya yangu ya gitaa. Ya kwanza ninong'one, ya pili nifoke. Nikikanyaga swichi, nabadilika."

Mwanamke alivaa shati la kiume lililomkaa vizuri kuliko ambavyo lingemkaa mwenye nalo. Kucha za mkono wa kulia ndefu, za kushoto zimekatwa kabisa. Yule kaka, fundi wa redio, alizitazama kucha hizo za mpiga gitaa, moyo wake ukanaswa hapohapo.

"Na nani atakufungia?"

"Si wewe? Umeshajipendekeza."

Amplifaya ile iliundwa na marehemu mjomba wa mwanamke huyo kwa mbao za kabati bovu. Aliitua juu ya meza ya fundi, kwenye chumba ambacho fundi alichangia na dada yake mdogo, fundi wa simu.

"Ukiiua hii, umemzika mjomba mara ya pili."

Fundi alitoboa bati, akalehemu nyaya, akafunga swichi ya mguu, huku mwenye mali akipiga gitaa kando yake na kumcheka anavyotoa ulimi akishika pasi ya kulehemu. Kazi ikaisha upesi mno.

"Njoo kesho," fundi alimwambia.

Akaja. "Swichi inakwama. Njoo kesho."

Haikuwa ikikwama. Mafundi wengine husema njoo kesho kwa sababu kazi haijaanza. Huyu alisema kwa sababu imekwisha.

"Kaka, huko ndiko kuposa?" dada mtu alimtania. "Mwambie unampenda, uone kama ataungua."

"Kesho nitamwambia."

Kilibaki kitu kimoja. Pentodi ina masikio: ukigonga sanduku, inalia ting. Dawa ni kukalisha kitako chake juu ya mpira. Fundi alikata kisigino cha ndara yake mwenyewe, akatoboa matundu, akavificha vipande kwenye droo. Kisingizio cha kesho hicho.

Kesho hiyo mpiga gitaa alikuja amevaa koti la safari.

"Bendi inaondoka leo. Nimewazungusha siku zote hizi nikisingizia amplifaya." Akasita. "Na wewe unanizungusha mimi kama mteja wa suruali kwa fundi cherehani."

"Bado mpira tu. Njoo..."

"Malizia hilo neno nikurushie pasi yako."

Akalikumbatia sanduku lake, akatoka.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja simu ikalia.

"Fundi wa kesho."

"Mama wa kufoka. Uko hai?"

"Nipo. Njia yako watu wanaipenda. Ila ngoma ikipigwa tu, ting, kama kengele. Nifanyeje?"

Dada mtu alichezesha midomo bila sauti: mwambie ailete. Lakini fundi alimwona mwenzake jukwaani, akiaibishwa na valvu mbele za watu.

"Kata kisigino cha ndara, weka chini ya kitako cha valvu. Itanyamaza."

"Ndara tu? Hata kuileta hakuna haja?"

"Hakuna haja. Mtu yeyote ataweza."

Sauti ya mpiga gitaa ikashuka.

"Kesho tunapita mjini kwenu. Niliwaomba wenzangu basi lisimame. Nilidhani utasema lile neno lako."

Neno lililomtoka kama mate kwa kila mteja, leo ndilo lililokwama, si swichi.

"Haya. Kazi njema, fundi wangu."

Nyuma ya sauti yake, ting. Simu ikakatika. Fundi alipompigia, ilikuwa imezimwa. Kesho yake ilikuwa imezimwa vilevile, na mabasi yalipita barabarani kutwa, hakuna lililosimama.

"Alisemaje jana?" dada mtu aliuliza.

"Alisema imepona."

Dada akatazama miguu ya kaka yake, ndara moja nzima, moja haina kisigino. Akavuta droo. Vipande vilikuwa humo, matundu tayari. Akaisukuma taratibu ikafungika, bila utani.