Aliyeitikia Amina

Binamu yangu Aneth alihamia Kigali kufanya kazi katika ofisi ya mizigo eneo la Sonatubes. Alipanga nyumba ndogo mtaa wa Batsinda, safi, yenye maji na jua la asubuhi. Kinyarwanda hakukijua. Kazini walimsalimia kwa adabu, jioni akarudi na kufunga mlango, na hapo mazungumzo yake ya siku yakawa yamekwisha. Yaliyobaki alimwambia Mungu.

Aliomba kwa sauti, angalau asikie mtu anazungumza. Alimwombea mama yake, aliyekuwa amelazwa Mbeya, mapafu yamejaa maji. Jioni moja, alipomaliza, mtu upande wa pili wa ukuta aliitikia.

"Amina."

Ilikuwa sauti ya kike, ya chini. Aneth akajua ni jirani yake Cécile, Mkatoliki aliyelelewa Burundi, mwenye Kiswahili cha huko. Hakumwuliza. Aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi akitoka kazini hukimbilia nyumbani, kwa kuwa kuna mtu wa kuomba naye.

Mama akapata nafuu, kisha akazidiwa tena. Na ile sauti ikaanza kuwahi. Aneth hajamaliza kuomba, tayari imeitikia. Mara nyingine iliitikia kabla hajafungua kinywa.

Jumamosi ya umuganda Aneth aliamka na homa. Mtaa mzima ulikuwa unakwenda kufanya kazi ya pamoja, maduka yamefungwa, barabara kimya. Akaomba akiwa kitandani. "Amina," ukuta ukaitikia. Wakati huohuo akamwona Cécile nje ya dirisha, jembe begani.

"Dada Cécile," akamwita. "Si ulikuwa ndani sasa hivi? Umeniitikia sala."

Cécile akasogea dirishani. "Sala gani?"

"Hapo ukutani."

Cécile akautazama ule ukuta. Akanong'ona. "Nyuma ya hiyo ukuta haiko kwangu, dada. Iko stoo ya Mugenzi, mwenye nyumba, katikati ya kwako na kwangu. Mulango yake alishaifunga na matofari zamani. Hakuna muntu anaingia."

Akafanya ishara ya msalaba. "Ngoja nimwite Mugenzi."

Akaondoka mbio. Aneth alijaribu kumfuata, homa ikamzidi. Akaanguka kwa magoti kando ya kitanda.

Kitu kikakwaruza ukuta.

"Umemwomba muda mrefu," sauti ilisema. "Amekujibu?"

Aneth akajisogeza mbali na ukuta.

"Niombe mimi. Mama atasimama leo."

Jua lilikuwa limejaa chumbani. Hakukuwa na giza la kulaumu. Alimwona mama yake akitembea uani, amejifunga khanga, hana maumivu. Aliniambia neno lilishafika kwenye ulimi. Angelisema, nani angejua?

"Niombe mimi."

Aneth akaweka paji la uso sakafuni. "Bwana Yesu," akasema, "hata ukininyamazia, mimi ni wako. Niokoe."

Akangoja ile Amina.

Haikuja. Ukuta ulikuwa ukuta tu. Hapakuwa na mtu wa kuomba naye tena, Kigali nzima. Alikuwa peke yake kabisa, na akalia kwa shukrani.

Cécile na Mugenzi walimkuta hapohapo sakafuni. Homa iliposhuka aliomba ruhusa kazini, akasafiri. Alimkuta mama hai. Alifariki siku chache baadaye, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Aneth. Tulipotoka makaburini nilishindwa kumwuliza swali nililotaka, kama anajuta. Akalijibu mwenyewe, taratibu: "Mungu aliniokoa, dada."

Mimi ndiye niliyekwenda Batsinda kuchukua vitu vyake. Mugenzi alibomoa yale matofari nikiona. Stoo ilikuwa tupu, haina hata utando wa buibui. Kwenye sakafu ya saruji, chini ya ukuta wa Aneth, palikuwa na mashimo mawili ya magoti. Yalikuwa yamelika, laini, kama ya mtu aliyepiga magoti hapo miaka mingi.

Mugenzi aliyaziba kwa saruji.

Juzi Cécile alinitumia picha. Saruji ya Mugenzi haijaguswa. Kuna mashimo mengine mawili, upande wa pili wa stoo, chini ya ukuta wa nyumba ya Cécile.