Kiti Alichowekewa Marehemu

—Toa mkoba nikae.

—Hapana. Pana mtu.

Fundi wa taa alitazama huku na huko. Ukumbi wote wa maonyesho ulikuwa mtupu. Binti aliyemkatalia alikuwa mwanafunzi; wenzake walikuwa wametangulia na mwalimu wao kwenda kuona chumba cha mavazi. Jukwaani ilibaki taa moja juu ya mlingoti wake. Ndiyo ada ya nyumba hizo: jukwaa likiwa tupu, taa moja haizimwi. Wakongwe wa kazi husema ni ya mizimu, ipate kuona njia. Fundi yeye husema ni ya kuwaokoa walio hai wasivunjike miguu.

—Mtu gani? Mbona simwoni?

—Ndiyo maana nimemwekea mkoba.

Fundi akacheka kile kicheko chake cha kukwaruza. Alipoona binti hacheki, akakimeza.

Kesho fundi alikuwa anarudi kwao, mkataba wake wa kazi umekwisha. Walitoka nchi moja hawa, wakakutana ugenini, mmoja akifunga taa, mwingine akisomea tamthilia. Wakapendana baridi ilipoanza. Lilibaki neno moja tu, nalo lilikuwa kinywani mwa binti.

—Wajomba zangu wameshapiga pasi mashati, alisema fundi. Wanangoja niwaambie tu waende kuposa kwa wazee wako. Wayavae au wayatundike?

—Ngoja kidogo.

—Kila siku ngoja! Asubuhi nimewafuata wewe na wenzako mpaka nyumba ya yule mtunzi wa tamthilia wa zamani, siku hizi makumbusho. Nyumba ya mtu aliyekufa, wewe unapiga hodi! Halafu unasogea pembeni, kama unampitisha mgeni. Kwenye kaburi la mwigizaji mlilozuru baadaye, hivyo hivyo. Mpenzi, unatembea na nani?

Binti alishusha pumzi.

—Na mchumba wangu. Yule aliyefariki.

Habari za msiba ule fundi alikuwa nazo. Asilolijua ni kwamba haujaisha.

—Yeye ndiye aliyetaka kuja huku, si mimi. Tangu shuleni alikuwa anapanda juu ya dawati, anaigiza wafalme mpaka tunasahau kula. Alipolazwa hospitali nikamwambia, usihofu, nitakuonyesha kila jumba. Akafa nimeshaahidi. Basi namwonyesha.

—Unamwonyeshaje?

Akatoa simu. Ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti, wote kwenda namba moja.

"Hapa ndipo alipolala mtunzi. Kitanda kifupi kama cha mtoto."

"Viatu vyake hivi. Soli imelika upande mmoja."

"Tumeingia kwenye jumba la maonyesho. Nimekuwekea kiti."

—Maiti hasikilizi simu, mpenzi.

—Huyu anasikiliza. Tazama alama.

Alama mbili za bluu, kila ujumbe. Hata ule wa kiti, wa sasa hivi, ulikuwa umeshasikilizwa. Fundi akaiinamia simu, akazitazama tena.

—Umewahi kupiga?

—Naogopa.

—Unaogopa atapokea?

—Naogopa atapokea mwingine.

—Piga. Akipokea yeye, mimi kesho naondoka na wajomba watundike mashati. Siwezi kushindana na mtu asiyezeeka.

Binti akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikaita. Ikaita tena. Ikapokelewa. Pumzi tu.

—Ni... ni wewe?

—Ni mimi, mwanangu, ilijibu sauti ya mwanamke mtu mzima. Mama yake.

Binti aliziba mdomo, kisha adabu ikamrudia.

—Shikamoo, mama.

—Marahaba. Unisamehe. Simu yake naichaji mimi. Kila ukituma nakaa kitandani kwake, nakusikiliza.

—Mbona hukuniambia?

—Ningekuambia, ungenyamaza. Na wewe ukisema, mwanangu anatembea. Namwona anapanda ngazi, anainama kwenye milango mifupi. Alikuwa mrefu, unakumbuka?

—Nakumbuka, mama.

Wakalia, mmoja huku mwingine kule. Fundi akatazama pembeni.

—Lakini juzi nimemwota, mama aliendelea. Kasimama mlangoni, miguu imevimba. Ananiambia, "Mama, nimechoka kutembea. Niacheni nikalale." Tumemchosha, mwanangu. Mimi na wewe.

Binti aliuwekea mkono ule mkoba kitini.

—Na huyo ni nani? aliuliza mama.

—Nani, mama?

—Anayecheka kama bawaba kavu. Namsikia nyuma yako tangu baridi ianze. Wewe unasimulia habari za makaburi, yeye anacheka huko, na sauti yako inachangamka. Mimi ni mama, nasikia.

Fundi alikohoa.

—Shikamoo, mama. Bawaba ni mimi.

—Marahaba. Kumbe upo hapo! Una wazee wa kukutangulia, au unacheka tu?

—Ninao, mama. Wameshapiga pasi mashati.

—Basi yasikunjamane. Na siku hiyo mniite. Nitakaa upande wa bibi harusi, huyo ni binti yangu. Mwanangu, mwenzetu ameona vya kutosha. Mwambie akalale.

Simu ikakatika. Binti alikigeukia kiti.

—Umeona, alisema taratibu. Nimekuonyesha vyote nilivyoweza. Nenda kapumzike.

Akainua mkoba.

Viti vya jumba lile ni vya kujikunja. Kikikosa uzito tu, hufyatuka kikajifunga. Kile hakikufyatuka. Kilibaki chini, kimetulia, kama bado kimekaliwa. Wawili hao walikitazama. Halafu, pole pole, kama mtu mrefu anayenyanyuka akichunga asiwagonge majirani magoti, kikapanda, kikajifunga.

—Springi hiyo, alisema fundi. Nitaitengeneza kabla sijaondoka.

—Usiiguse.

Binti akamshika fundi mkono.

—Waambie wajomba wavae.

Wakatoka. Taa ya jukwaani waliiacha ikiwaka, apate kuona njia.