Kibarua Aliyeamshwa kwa Ajili ya Sifuri

Mashine kumi na mbili za kupumulia zilikuwa mezani, hazina mgonjwa hata mmoja, na kila moja ilisema kuna mtu anafanya kazi ndani yake.

Marketta Ylitalo aliliona jambo hilo Jumanne asubuhi, koti bado mwilini na theluji ikimyeyukia mabegani. Alikuwa mkaguzi katika kampuni ndogo ya mji wa Oulu inayotengeneza mashine za wagonjwa wanaotibiwa nyumbani. Mkuu wa kampuni alikuwa ameagiza namba ya mzigo ionekane kwenye skrini, ile inayohesabu ni wangapi wanashughulika ndani ya kompyuta ya mashine, eti wanunuzi wapendezwe. Mashine isiyo na kazi ilipaswa kusoma sifuri. Hizi zilisoma moja.

Ndani kabisa ya kila kompyuta kuna kiini, programu inayozitawala programu nyingine zote, na kiini kina vibarua wake. Huwaoni. Wanafagia kumbukumbu, wanahifadhi faili, na kazi ikiisha wanalala. Wengi hulala usingizi mwepesi, yeyote akiwatikisa wanaamka. Mmoja wa kiini hiki alilazwa usingizi mzito, haamshwi na chochote ila kazi yake mwenyewe, na kihesabio, kwa upumbavu wake, humhesabu aliyelala fofofo hivyo kama mtu anayeshughulika. Hiyo ndiyo moja yenyewe. Kwa miaka kumi na minne haikumdhuru mtu, na juu ya mstari wa programu unaomlaza, aliyeuandika alikuwa ameacha onyo fupi: Mwacheni alale. Msimfanye aamshike. Hilkka Pesonen.

Sasa tumjue Ilpo Kinnunen, mkuu wa programu. Alikuwa na shahada mbili, na haya hakuwa nayo hata moja. Alivaa skafu ndani ya nyumba, na kila wazo zuri lililozaliwa katika jengo lile lilifika kwa wakubwa likiwa na jina lake.

"Hii moja ni ya nini?" akauliza.

"Ni kibarua amelala, Ilpo. Iko hivyo tangu zamani. Hilkka ameandika tusimguse."

"Hilkka!" Ilpo akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Bibi anayefuma soksi kule Haukipudas ndiye wa kunipangia kazi? Alhamisi watu wa hospitali wanakuja. Wakiona moja kwenye mashine tupu watasema tunawauzia mikweche. Nataka sifuri."

"Basi rekebisha kihesabio, mwache yule alale."

"Wewe Marketta, kazi yako kubonyeza vitufe na kuandika kilichotokea. Kufikiri niachie mimi."

Akabadili neno moja. Usingizi mzito ukawa mwepesi. Sheria ya pale ilitaka watu wawili watie sahihi kila badiliko. Ilpo akatia yake, na ya pili akaiweka kwa jina la mwenzao aliyekuwa likizoni, maana nywila yake aliijua. Skrini zote kumi na mbili zikasoma sifuri. Akajipiga kifua, akala mkate wake wa mdalasini juu ya kibodi, na kabla ya chakula cha mchana akalituma badiliko lile kwa mashine zote zilizoko majumbani mwa watu.

Mojawapo ilikuwa kijijini nje ya Kemi, kando ya kitanda cha Urpo, kaka yake Marketta. Misuli ya kifua cha Urpo ilikuwa imekufa. Bila mashine alikuwa na dakika ishirini.

Saa nane mchana giza lilikuwa limeanza kuingia, kama kawaida ya Desemba. Marketta alianza kunusa lami ya misonobari, ile nyeusi ya kupakwa boti, kali, kama mtu aliyeipaka mikono kisha akaja kusimama nyuma ya kiti chako. Akafungua dirisha. Harufu ikaongezeka.

Kisha akasikia mashine namba saba ikipumua. Haikuwa imewashwa ipulize. Akaiita orodha ya vibarua kwenye skrini, na kwenye orodha hiyo kila kibarua ana namba yake na namba ya mzazi aliyemzaa. Chini kabisa palikuwa na mmoja asiye na jina. Mzazi wake alikuwa yeye mwenyewe.

Namba nane ikaanza kupumua, kisha namba tatu, kisha zote, na hazikupumua kama mashine, pumzi sawa kwa sawa, bali kama mtu, fupi, fupi, kimya kinachomfanya msikilizaji naye azuie yake, kisha ndefu yenye mkwaruzo mwishoni, na Marketta, aliyekaa miaka sita kando ya kitanda kimoja Kemi, akaijua pumzi ile, akaijua mpaka ule mkwaruzo, akatafuta simu mfukoni.

"Urpo? Mashine ikoje?"

Sauti ya kaka yake ilikuja kwa vipande. "Dada... zamani ilikuwa inanifuata. Nikianza kuvuta, inanisaidia. Leo inaanza yenyewe. Mimi ndiye ninayemfuata."

"Unamfuata nani?"

"Sijui. Betri inaisha, na plagi iko ukutani. Nimeiona. Iko ukutani."

Marketta akampigia Hilkka Pesonen. Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na minane, na alikuwa akiwasha sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto.

"Mmemwamsha," Hilkka akasema, kabla hajaelezwa nusu. "Nani kabadili?"

"Ilpo. Na sahihi ya pili kaiweka kwa jina la mtu aliye likizoni."

"Nilidhani ng'ombe hawaajiriwi siku hizi."

"Hilkka, nirudishe neno la zamani?"

"Halitoshi. Akishaamka, anajua kwamba anahesabiwa. Mwanangu, nyumbani kwenu mkimaliza kuoga sauna mnafanyaje?"

"Wa mwisho anamwaga kata moja ya maji juu ya mawe, anafunga mlango, anaondoka."

"Ya nani hiyo kata?"

"Ya yule anayeoga baada ya watu."

"Mnamhesabu? Mnarudi kumchungulia?"

"Hapana."

"Basi. Kuna usingizi wa tatu, upo kwenye kiini, wavivu hawausomi. Haamshwi, wala hahesabiwi. Andika huo. Na huyo Ilpo mwambie atie sahihi yake mwenyewe, asitumie jina la mtu. Yule wa ndani amekwishadanganywa mara moja leo."

Wenyeji wana jina lao kwa huyu wa sauna anayenuka lami, tena jina la upole, kana kwamba ni babu wa nyumba. Mimi nimeishi huku miaka kumi na tisa na bado namwita jini, na sioni sababu ya kumpamba.

Marketta aliandika neno lile kwa dakika mbili. Lakini ufunguo wa kutuma marekebisho majumbani ulikuwa alama ya kidole cha Ilpo peke yake, na Ilpo alikuwa ofisini kwake akipanga picha za kuwaonyesha wageni.

"Jini?" akasema. "Jini la sauna? Marketta, una miaka hamsini na mbili!"

"Usiniamini. Tuma tu. Urpo anakufa."

"Nikituma sasa itajulikana la kwanza lilikosewa. Feni zimeharibika kwa baridi, basi. Njoo nikuonyeshe, mama wa hofu."

Akaingia chumba cha majaribio akipiga mluzi, akachukua barakoa ya mashine namba saba, akaifunga usoni mwake kwa mikanda yote miwili. Ikampulizia pumzi moja ya kawaida, naye akanyanyua kidole gumba, kisha ikavuta, nayo ilipaswa kuvuta kidogo tu na kuachia, lakini haikuachia, ikavuta na kuvuta, mashavu yakadidimia, macho yakamtoka, mikono ikapanda kwenye mikanda ikakuta mikanda imekaza na ina joto kama mkono wa mtu, na zile nyingine kumi na moja zikanyamaza kwa pamoja kama watu wanaosikiliza jibu, na Marketta akachomoa plagi na mashine ikaendelea, akang'oa betri na mashine ikaendelea, mpaka aliposhika mpira wa hewa kwa meno na mikono na kuupasua.

Ilpo akaanguka. Suruali yake ya bei ilikuwa imelowa, na haikuwa theluji.

"Kidole," Marketta akasema, akimwekea kompyuta sakafuni.

"Nani... nani yule aliyekuwa ananivuta?"

"Kufikiri niachie mimi. Weka kidole."

Akaweka. Marketta akatia sahihi ya pili, kwa jina lake, na neno likaenda. Kwenye orodha, yule asiye na jina akafifia akatoweka, mashine zikanyamaza zikisoma sifuri, na harufu ya lami ikatoka dirishani. Kemi, Urpo alivuta pumzi yake mwenyewe na mashine ikamfuata. Marketta alilia, akapangusa uso, akalia tena.

Alhamisi Ilpo alikuwa na skafu mpya, ndefu zaidi, ya kuficha alama za mikanda. Aliwaeleza wageni jinsi alivyogundua usingizi wa tatu. Wageni wakaitikia kwa vichwa kwa heshima, wajinga wale, na mkuu wa kampuni akamshika bega. Debe tupu haliachi kuvuma, na ukilipatia hadhira litavuma mpaka kesho.

Walipokuwa bado wanapiga makofi, Urpo akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo Marketta alikuwa hajaisikia kwa miaka.

"Dada, sikutaka kukutisha. Jana saa kumi jioni miti iliangukia nyaya. Kijiji kizima hakina umeme mpaka sasa."

Marketta akatoka ukumbini. Betri ya mashine ile hukaa saa nne. "Umepata jenereta?"

"Barabara imezibwa, hakuna aliyefika. Betri ilikwisha saa mbili usiku. Nilikuaga moyoni, wewe na wengine."

"Urpo. Skrini inasema nini?"

"Haisemi kitu. Imezimika, nyeusi. Lakini inanipulizia. Usiku kucha, taratibu. Nikisinzia inapunguza, nikikohoa inangoja." Akakohoa, akaendelea. "Zima moto wamenipigia, wamefungua njia, wanakuja na mashine nyingine ya akiba. Wanataka kuichukua hii wakaifungue waone. Niwaambieje?"

Ukumbini Ilpo alikuwa akicheka. Marketta aliegemea ukuta, akasikiliza pumzi mbili kwenye simu, ya kaka yake na ile nyingine.

"Waambie waende kwa jirani," akasema. "Wewe pumua tu, Urpo. Usimchungulie, wala usimuulize kitu."