Unga wa Chaki katika Chumba cha Barua

Asubuhi katika chumba cha barua huanza kwa watu kugongana. Magunia yakishaingia, shangazi yangu, msimamizi wa chumba, huketi kwenye meza yake na kuzichambua barua. Tarishi aitwaye Mwendokasi, kwa kuwa hajawahi kukimbia tangu azaliwe, huzipeleka kupigwa muhuri kwenye kona ya mbali, kisha huzirudisha kwenye rafu zilizo karibu na mlango. Njiani hukumbana na dada wa vifurushi, aliyebeba maboksi hadi machoni.

Likizo hiyo nilikuwa nikimsaidia shangazi kufungua magunia. Shule ya bweni imenifundisha mengi, na baadhi yake yamo hata kwenye mtaala.

Jumatatu meneja alitutembelea. "Mama, barua zinafika idarani watu wakiwa wameshakwenda kula," alisema. "Zikichelewa tena Ijumaa, kazi hii tunaipa kampuni ya nje."

"Na sisi?" aliuliza dada wa vifurushi.

Meneja alitazama viatu vyake, akatoka. Shangazi alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Niliamua kuiokoa familia. Nilizipanga rafu upya, kila idara na rangi yake, chumba kikapendeza kama keki. Kesho yake barua zilichelewa zaidi.

"Kimependeza sana," alisema Mwendokasi. "Sasa tunachelewa kwa raha zetu."

Nilinuna, kisha nikakumbuka sayansi ya bwenini. Tulipotaka kumjua anayetembelea sukari za wenzake, tulinyunyiza unga wa chaki sakafuni, tukazisoma nyayo.

"Shangazi, naomba ruhusa ya kuchafua sakafu."

"Wewe, kuomba ruhusa? Unaumwa?" Alinigusa paji la uso. Nilipomweleza, alicheka, akakubali.

Asubuhi iliyofuata walifanya kazi juu ya chaki. Kufikia mchana sakafu ilikuwa imesema yote. Mbele ya rafu zangu za rangi nyayo zilikuwa chache. Lakini kutoka meza ya shangazi hadi kona ya muhuri kulikuwa na barabara kuu, na katikati yake ilikatwa na njia ya vifurushi.

"Nani aliiweka meza ya muhuri kule?" niliuliza.

Walitazamana. "Zamani taa ilikuwa kwenye kona ile tu," shangazi alisema polepole.

Sote tuliinua macho. Taa zilijaa dari nzima.

Tuliihamishia meza ya muhuri ubavuni mwa shangazi, na vifurushi tukavipitisha upande wa dirisha. Ijumaa, meneja alimkuta Mwendokasi ameketi na kikombe cha chai.

"Barua ziko wapi?"

"Zimeshafika, bosi. Yako inakusubiri mezani kwako."

Meneja alikwenda kuhakikisha, akarudi akitabasamu. "Basi, endeleeni na kazi. Kampuni ya nje tumeisamehe."

Shangazi alinivuta karibu. "Mara ya kwanza ulipanga rafu bila kututazama, ukapata urembo. Mara ya pili ulitazama kwanza tunavyofanya kazi, ukapata dawa. Ukitaka kurekebisha kazi ya watu, anza hapo."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikisubiri zawadi.

"Chukua na ufagio," akaongeza. "Chaki bado imo kwenye pembe."

Nilifagia. Mwendokasi alinipisha kwa kuinua miguu, bila kukiacha kiti wala kikombe.