Ndoo ya Mama Usafi

Mtaa mzima ulimwita Mama Usafi, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha. Unga wake ulikuwa mweupe pe. Kila asubuhi alikaa mkekani nyuma ya nyumba, ungo mapajani, akichambua mahindi punje kwa punje. Mazuri yaliingia kwenye beseni. Yaliyoota ukungu au kubadilika rangi yaliingia kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa ya ng'ombe.

"Kwangu hakipotei kitu," alijisifu.

Mwaka ule mvua ilinyesha wakati wa mavuno. Mahindi yaliingia ghalani hayajakauka vizuri, na ndoo ikawa inajaa haraka. Mume wake akafurahi.

"Safari hii ng'ombe wetu atanenepa kama bwanyenye!"

Ng'ombe hakunenepa. Alianza kususa chakula, akakonda, maziwa yakapungua. Mama Usafi akaingiwa na hofu, maana maziwa yale alikuwa akinywa mjukuu wake, ambaye binti yake alimwachia alipoenda kazini. Akamwita daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira.

Daktari alimpima ng'ombe, kisha akachota mahindi horini.

"Mama, haya wewe ungeyala?"

"Mimi tena! Na ukungu wote huo?"

"Na maziwa anakunywa nani?"

"Mjukuu wangu."

"Basi sikiliza, mama. Kuna ukungu unaotoa sumu. Inaitwa sumukuvu. Ng'ombe akiila, inamuumiza ini, na nyingine inapita kwenye maziwa."

"Lakini maziwa nayachemsha mpaka yanafurika!"

"Moto hauiondoi. Hata ukiyaosha mahindi ukayaanika upya, ukungu utatoka lakini sumu itabaki. Mtoto mpelekeni kliniki akaangaliwe. Ng'ombe apewe chakula safi, na maziwa yake asinywe mtu mpaka nirudi niseme."

Daktari alipoondoka, Mama Usafi alilia. Yeye, anayechambua kila punje, ndiye amlishe mjukuu wake sumu!

"Hukujua, mke wangu," mume wake alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nashangilia."

"Sasa najua," akajibu, akijifuta machozi. "Na mtaona."

Kliniki walimkuta mtoto mzima. Ng'ombe alipona polepole, na daktari akaruhusu maziwa yanywewe tena.

Mavuno yaliyofuata, Mama Usafi alisimamia kazi kama kamanda. Hakuna hindi lililogusa udongo. Yote yalianikwa juu ya turubai. Wingu likitokea tu, mume wake alitimuliwa mbio akayafunike. Kabla ya kuhifadhi, alitia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akaitikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yana maji bado, yanarudi juani. Magunia yalipangwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Mabovu yalifukiwa kwenye shimo refu alilochimba mume wake huku akinung'unika.

Habari za shimo zikamfikia wifi yake, mfugaji wa kuku. Akaja na ndoo tupu.

"Wifi, nasikia unafukia mahindi! Nipe mimi. Kuku hawana kinyaa."

"Sikupi."

"He! Umeanza uchoyo lini?"

"Wifi, haya yana sumu. Ningekuwa na ugomvi na wewe, ningekuletea gunia zima mpaka mlangoni."

Wifi akaangua kicheko. Kisha akalitazama shimo, akaacha kucheka. Alimjua Mama Usafi: si mtu wa kutupa chakula bila sababu.

Mama Usafi akamnyang'anya ndoo, akaingia ghalani, akairudisha imejaa mahindi makavu yanayong'aa.

"Wape haya," alisema, kichwa juu. "Na kesho uje mapema, nikufundishe kuanika."